Gambuti za Bibi wa Columbia

Bibi wa Columbia alifariki mwezi wa pili, na kazi yangu ikaondoka naye. Nilikuwa namlea nyumbani kwake, huku Marekani: namwogesha, namlisha, namsikiliza akimgombeza mumewe aliyekwisha kufa zamani. Baada ya mazishi binti yake alinipa gambuti za njano ambazo marehemu alivaa bustanini enzi za nguvu zake. Wakala aliyenipeleka pale akaniambia nikae karibu na simu, wataniita wakipata mgonjwa mwingine. Nikakaa. Kila asubuhi nilipiga mwenyewe kuuliza, na kila asubuhi dada wa mapokezi alinijibu kwa sauti tamu kwamba bado.

Mama hakuyajua hayo. Yeye kule kijijini kwetu, Singida, alikuwa na kazi. Serikali ilileta mradi: kila kaya isiyo na kitu ilihakikishiwa siku zake za kuchimba lambo wakati wa kiangazi, na ujira mkononi. Majina yalipitishwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu wote, na mwenye neno alikuwa huru kusimama. Mama alipoulizwa nani anamsaidia, alisema hana mtu. Hakudanganya sana. Mwaka ule mimi nilikuwa mtu wa kutuma salamu.

Nikasikia anachimba na ndala, na jembe limemkosa kidole cha mguu kwa kidogo tu. Basi mzee wetu wa kanisa alipokuwa anasafiri nyumbani nikampa zile gambuti ampelekee. Ningeishia hapo, yasingenikuta. Lakini mimi na kiherehere changu nikamwomba asizitoe mlangoni, azitoe kanisani baada ya ibada, kama desturi ya kwetu: mtu akitoka mbali na mzigo husimama mbele, hutaja nani katuma na nani katumiwa, na akina mama hupiga vigelegele. Nilitaka watu wasije wakasema nimemtupa mama yangu. Mdomo uliponza kichwa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa safu ya pili.

Mdogo wangu, anayeishi mjini Singida, ndiye aliyenipa habari. "Dada, umetumaliza," alisema. "Mama mmoja wa pale kanisani kamshtaki mama kwa mwenyekiti, kaitwa mkutanoni Jumamosi akaeleze huyo mtoto wa Marekani katokea wapi. Wanasema aliyedanganya anafutwa, tena mtendaji anaweza kumweka ndani."

Niliogopa sana. Nilikuwa nakaa Riverdale Park, chumba kimoja na Mkenya aliyekuwa akifanya kazi kama yangu, na wiki ile hakulala kwa ajili yangu. "Wewe tulia bana," alikuwa akiniambia. "Mama mzee kama huyo watamfunga aje?" Humjui mtendaji wetu, nilimjibu. Nikifumba macho namwona mama sakafuni kwenye ile ofisi ya kijiji yenye popo, kanga kajifunika mabegani, na mgambo mlangoni. Lakini kulikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia hata Mkenya. Wakimfuta, atakula nini? Nani atamlisha, mimi? Mimi niliyekuwa nakunywa chai yake huyo Mkenya nikijifanya sipendi mkate?

Jumamosi mkutano ulikuwa saa tisa alasiri ya kwao, saa mbili asubuhi kwetu. Nilikuwa nimenunua kadi ya simu, zile za kukwangua. Nikasubiri hadi saa nne, nikapiga simu ya jirani wa mama. Haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana. Namba za kadi nilizikosea, Mkenya akanisaidia kuzibonyeza. Mara ya tatu jirani akapokea, akasema ngoja, mama yako huyu hapa.

"Umekula?" mama akaniuliza.

"Mama, wamekufuta?"

"Nimekuuliza umekula."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akanisimulia kwa sauti ileile anayosimulia mambo ya kuku. Alikwenda mkutanoni amezivaa gambuti zenyewe. Mwenyekiti alipomuuliza kama ana mtoto Marekani, alivua moja akaiinua juu.

"Nikawaambia mtoto ninaye, na ndiye aliyeleta hizi. Lakini tazameni kisigino, kimeliwa upande mmoja na mguu wa mtu mwingine. Mwenye kazi hununua akatuma. Huyu kanitumia alichopewa. Hana kazi mwanangu, ananificha tu."

Nilikaa chini sakafuni. Miezi yote ile nimejisifu kwa jinsi ninavyojua kuficha, kumbe mama alinisoma kwenye kisigino, akanisomea na kijiji kizima.

"Wakasemaje?"

"Yule mama aliyenishtaki ndiye aliyesema niachwe niendelee. Jumatatu nipo lamboni."

Ningeshukuru. Lakini hofu niliyokaa nayo wiki nzima haikutoka, ilihama tu, ikaja upande wangu. Mama naye nadhani aliisikia, maana aliniuliza taratibu, "Huko kwenu serikali haiandiki majina ya watu wasio na kazi, wapewe?"

"Haiandiki, mama."

"Hata ya kuchimba?"

"Hata ya kuchimba."

Nikamsikia akimwambia jirani kwamba huko hawaandiki. Kisha akarudi kwangu. "Basi nimeshamwambia mwenyekiti, wakipitia orodha upya wakuandike kwenye kaya yangu. Jembe la pili lipo."

Sauti ya kadi ikaingilia kati, kwamba imebaki dakika moja. Nikaitumia kumwambia mama kwamba nimekula.