Nyenje wa Sikio la Kushoto

Msagaji wa mihogo wa hapa Nyamianda anaogopa kimya. Akizima mashini, sikio lake la kushoto linaanza kulia kama nyenje, basi anawasha redio pasipo na stesheni na kuiacha ikikoroma. Nikimtafutia stesheni, anairudisha polepole kwenye kukoroma. "Acha, mama. Iko inanisaidia."

Jumapili umeme ulikatika kanisani, kinanda kikazimika, kwaya yetu ikakosa sauti ya kuanzia. Msagaji akaziba masikio kwa vidole ambavyo hata Jumapili vina unga, akamsikiliza nyenje wake, akatupatia noti ya kuanzia: mmmm. Tukaimba vizuri. Umeme uliporudi, kinanda na sisi hatukupatana, na macho yote yakamgeukia.

"Sikio yangu iko palepale tangu mwaka jana," alisema. "Muangalie kinanda."