Umeme Kifundoni, Chai Mtoni

Aliyetaka kujua ninaumwa nini hakuhitaji kuniuliza. Angesimama tu barabarani, juu ya shamba letu huku Kibugu, atazame majani chai. Mistari ya juu, iliyo karibu na nyumba na choo, nilikuwa nimeichuma mpaka ikawa kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Mistari ya chini, inayoteremka hadi mtoni, ilinifika kifuani na ilikuwa imeanza kutoa maua. Majirani walisema nimezeeka. Niliwaacha waseme, maana ukweli ulikuwa mbaya zaidi: nilikuwa siwezi kuzuia choo.

Ilianza polepole, miaka mingi baada ya kumzaa kitinda mimba wangu, aliyenichana vibaya alipokuwa akitoka. Haja ilikuja bila kubisha hodi, na mara nyingine nilichelewa kabla hata sijafungua mlango. Nikaacha kwenda kwenye kituo cha kuuzia majani, kwa sababu lori la kiwanda huja linapotaka na pale hakuna choo. Kanisani nilihamia benchi la nyuma, karibu na mlango. Mimi ni mtu wa maneno mengi, mwulize yeyote, lakini kwa jambo hili nilifunga mdomo hata kwa mume wangu. Shuka nilizifua yeye akiwa anakamua ng'ombe, na hakuwahi kuniuliza mbona nafua sana.

Mwishowe daktari wa zahanati alinituma hospitali mjini Embu, na huko nikapelekwa kwa dada wa mazoezi ya viungo, mdogo kuliko binti zangu. Siku hiyo nilioga mara mbili, nikavaa nguo mpya za ndani na kuomba Mungu anipe ujasiri, kwa kuwa nilijua atataka kuangalia wapi. Nikapanda kitandani na kufumba macho.

"Mama, toa kiatu," akasema.

"Kiatu?"

"Kiatu na soksi. Ya kulia."

Nikajua wamenichanganya na mtu aliyevunjika. "Dada, shida yangu si mguu," nikamwambia, na sikusema kwa upole.

"Nimeskia shida yako, mama. Lala tu."

Akanibandika vibandiko viwili upande wa ndani wa kifundo cha mguu, akaviunganisha kwa nyaya na mashine ndogo iliyotosha kiganjani. "Ukiona kidole imeruka, uniambie," akasema. Akageuza kitufe. Nikasikia mwasho ukitambaa hadi kwenye unyayo, kisha kidole gumba cha mguu kikajikunja chenyewe, bila ruhusa yangu. Nilicheka, halafu nikataka kulia. Nilikuwa nimetoka nyumbani na aibu ya miaka, na huyu binti anachezesha kidole changu cha mguu.

Alinieleza, tena kwa subira. "Hii neva inatoka huku chini ya mgongo inashuka mpaka mguu. Zile za choo pia zinatoka hapo hapo. Tukigonga huku chini, huko juu wanaskia."

"Wakisikia, watatii?"

Akacheka. "Kuna wenye wanasaidika, kuna wenye hawasaidiki. Siwezi kukudanganya, mama. Tutaona."

Basi nikawa nateremka Embu kila wiki, bila kula kitu tangu jana yake ili nisiaibike njiani, kulala pale nikitazama kidole changu kikiruka. Nyumbani nilifanya mazoezi ya kubana aliyonifundisha. Na kila nilipofika aliniuliza swali lile lile: siku hizi haja ikija, unaweza kungoja muda gani? Ningejuaje? Ikinigusa tu nilikuwa nakimbia, na choo kilikuwa hapo hapo. Ni kweli nilikuwa sijajichafua kwa muda. Lakini je, ulikuwa umeme ule, au ni kwa kuwa, ukiacha Embu na tumbo tupu, sikuwa naenda popote? Nililifikiria swali hilo mpaka kichwa kikaniuma. Yule dada akasema itabidi nijaribu kwenda mbali kidogo. Ni rahisi kusema ukiwa na umri wake.

Mume wangu nilimwambia natibiwa mguu. Alama za vibandiko zilikuwa pale kifundoni, ushahidi tosha. Aliamini, au nilidhani aliamini. Kila jioni alinipashia maji, akayatia chumvi, akaniwekea beseni miguuni na kuuliza, "Mguu unaendeleaje?" Nami nikajibu kwamba unaendelea.

Kisha akaanza kuteremka mtoni na sururu na beleshi, akirudi na udongo mwekundu hadi magotini. Nikimwuliza anafanya nini, alisema kuna kazi huko. Nikaelewa. Jirani yetu wa ng'ambo ya mto alikuwa ameng'oa chai yake akapanda maparachichi, na mume wangu alikuwa ameyasifu maparachichi hayo msimu mzima. Alikuwa anaing'oa chai yangu ya chini.

Mistari ile niliipanda na mama yake, mwaka nilioolewa. Yeye alitangulia akichimba mashimo, mimi nikamfuata na miche, na ni hapo tu, maishani mwake mwote, alipowahi kunisifu. Nilitaka kumwambia mume wangu asiiguse. Lakini ningesema nini? Mtu asiyeweza kufika mahali atadai vipi kwamba ni pake? Hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Asubuhi moja nikasikia sururu ikipiga huko chini, tena na tena, na uvumilivu ukaniishia. Niliteremka vile nilivyokuwa, na aproni yangu ya jikoni, nikijipenyeza katikati ya michai na kumpigia kelele kabla hata sijamwona. Nilimwita majina ambayo sitayaandika.

Nilimkuta ndani ya shimo, kifua na kichwa tu ndivyo vilivyoonekana. Lilikuwa shimo moja. Pembeni kulikuwa na nguzo nne na mabati ya banda letu la zamani la kuku. Hakuna mchai hata mmoja uliokuwa umeng'olewa.

"Hayo ni maparachichi gani ya kupandwa kaburini?" nikauliza.

Akajifuta uso. "Ni choo."

"Cha nani, huku porini?"

Alitazama udongo, hakunitazama mimi. "Cha wachumaji," akasema.

Tangu tuoane hatujawahi kuajiri mchumaji hata mmoja. Mchumaji wa shamba hili ni mimi. Nilifungua mdomo nimwulize amejua tangu lini, lakini alikuwa amekwisha kuinama, anachimba tena. Nikakaa juu ya rundo la udongo. Hapo ndipo nilipotazama juu nikaona nyumba yetu ilivyo mbali. Nilikuwa nimekuja njia yote hiyo, nikipiga kelele na kuruka mifereji, na hakuna kilichotokea. Haja ilinijia baadaye kidogo, nikiwa nimekaa pale. Nikabana nilivyofundishwa, ikasita, ikapoa, nami nikapanda kilima kwa mwendo wa kawaida hadi nyumbani. Sikuelewa. Ulikuwa umeme? Zilikuwa hasira? Au ni kuliona shimo lile? Nilipomwuliza yule dada wa Embu alifurahi sana, akasema labda ni yote, na mimi mpaka leo sijui.

Jioni hiyo mume wangu aliniletea beseni kama kawaida.

"Mguu unaendeleaje?" akauliza.

"Si mguu," nikasema.

Aliendelea kumimina maji polepole, akayaonja joto kwa kiwiko kama anavyofanyiwa mtoto.

"Najua," akasema. "Tia miguu, yatapoa."