Radhi za Mjomba Ndani ya SSD Yangu

Jamani, mimi nikimwona mtu aliyekuwepo kwenye sendofu ya binamu yangu Yasinta, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, huwa navuka barabara, na kama barabara haivukiki najifanya naongea na simu, kwa sababu aibu niliyoipata siku ile ukumbini Katonga haijaniisha mpaka leo. Nawasimulia nyie kwa vile mkisikia kwa wengine wataitia chumvi, na haki ya Mungu mkasa wenyewe una chumvi ya kutosha.

Nianze na kompyuta. Mtaani kwetu Ujiji mimi ndiye mwenye kompyuta ya gemu, kasha kubwa lenye kioo ubavuni na taa zinazobadilika rangi, niliiunga mwenyewe kipande baada ya kipande (mama anasema kwa gharama ile ningemwezekea jiko, tuyaache hayo). Tatizo lilikuwa diski. Ilikuwa ya zamani, zile zenye sahani inayozunguka, ukibofya gemu la mpira unaweza kwenda kununua maandazi ukarudi ukaikuta bado inakwaruza kama mtu anatafuta ufunguo ndani ya sanduku. Nikasikia sifa za SSD, diski za kisasa, kwamba haina kinachozunguka, haipigi kelele, na kasi yake ni hatari. Nikaagiza moja ya bei chee, yenye nafasi kubwa ajabu, na jina juu ya boksi ambalo sijalisikia tena popote.

Nisiwe mnafiki, ilikuwa tamu! Kompyuta ilikuwa inawaka kabla sijavuta kiti, gemu linafunguka kabla chai haijafika mdomoni, na mimi nikawa kero, kila mtu nikikutana naye namhubiria SSD, hata muuza migebuka pale sokoni nilimhubiria, akanijibu, "Sawa mwanangu, samaki je, unachukua?"

Sasa ndani ya diski ile ya zamani kulikuwa na amana. Mjomba Gervas, kaka yake mama, mkulima wa kahawa kule Kalinzi, alipougua akajua haponi, aliniita nikapanda mlimani kwa bodaboda. Binti yake Yasinta alikuwa masomoni Dodoma. Mjomba akawatoa watu wote chumbani, hata mama yangu, akabaki na mimi, akaniambia, "Washa simu yako unichukue. Nataka kumpa mwanangu radhi za siku ya kuolewa, maana mimi sitafika. Asisikie mtu kabla yake. Umenielewa?" Nikasema ndiyo, Mjomba. Akaongea, mimi nimeshika simu, machozi yananitoka. Kabla kahawa haijaiva alikuwa ameshatutoka. Yasinta alikuja kuzika tu, neno la mwisho la baba yake hakuliwahi, na kitu pekee kilichomtuliza msibani ni pale nilipomwambia kwamba ninalo, limehifadhiwa.

Na kweli nililihifadhi. Simu ilikuwa imejaa, nikaitoa ile video nikaiweka kwenye kompyuta, na kwa heshima ya wasia sikumpa mtu, sikumtumia mtu, na mimi mwenyewe sikuifungua tena. SSD ilipofika nikafikiri, kitu cha thamani kama hiki kikae kwenye kibanda kibovu wakati nimejenga nyumba mpya? Nikakata huku nikabandika kule. Sikunakili, nilihamisha. Ile diski kuukuu nikaifuta yote nikampa rafiki yangu Bakari, naye akaishindilia magemu mpaka pomoni.

Bakari huyohuyo ndiye aliyenionya. Siku moja tunacheza kwangu, kompyuta ikawaka lakini ikasema haioni diski, nikachomoa waya nikachomeka, ikaiona.

"We, hiyo inapotea potea," akasema. "Weka kopi ya vitu vyako."

"Haina kinachozunguka," nikamjibu, "sasa itachakaa nini?"

Akaguna, tukaendelea kucheza. Na ikapotea tena siku nyingine, nami nikachomoa waya nikachomeka, nikaizoea kama unavyozoea mlango unaotaka kupigwa teke.

Sendofu ikafika, na Yasinta akataka radhi zake zisikike pale, mbele ya ukoo wote. Mama akaniambia asubuhi, kwa upole tu, "Iweke ile video kwenye flashi, mwanangu, uje na kitu chepesi." Mimi nikaona flashi itaninyima sifa. Ukoo mzima unashuka kutoka Kalinzi, vijana wa Ujiji wote watakuwepo, halafu nichomeke kidude kwenye laptopu ya mtu wa muziki? Nikapakia kasha zima kwenye bajaji, nimelikumbatia kama mgonjwa, tukarushwa kwenye mashimo mpaka Katonga. Nikaliweka mbele ya ukumbi, kwenye meza yenye kitambaa cheupe, nikaliunga na projekta ya ukumbi, taa zake zikawa zinachezacheza, watoto wakajazana. Video nikaiona ipo, na picha ndogo ya uso wa Mjomba ikionekana. Sikuifungua, maana wasia ni wasia. Ila (hapa ndipo nataka kujizaba kofi) nikafungua gemu la mpira, eti najaribu spika, ukuta mzima ukawa uwanja, vijana wakapiga mayowe, nikafunga goli moja mbele ya maaskari wa ukoo, yaani mashangazi, nikajiona nimefika.

Basi MC akashika kipaza sauti. Akaomba utulivu, akasema baba wa bibi harusi ametangulia lakini leo ataongea na mwanawe, na kina mama wakimwona ukutani wampokee kwa vigelegele. Taa zikazimwa. Yasinta kule jukwaani alikuwa ameshika leso kwa mikono yote miwili. Nikapeleka mkono kubofya.

Umeme ukakatika.

Watu wakacheka kidogo, si kitu kigeni. Jenereta likavutwa, likakohoa, likawaka, likazimika, likawaka tena, na kompyuta yangu imechomekwa moja kwa moja ukutani bila hata stabilaiza ya kulinda umeme, maana hiyo nilikuwa nimeiacha nyumbani, haina taa za kupendeza. Nikaiwasha. Ukuta ukawa mweusi, halafu yakatokea maandishi meupe makubwa ya Kizungu, na kina mama walipoona ukuta umepata kitu tu, wakaachia vigelegele vya kufa mtu! Mtu wa muziki naye akatia kinanda. MC akayasoma kwa sauti nzito akidhani ni mwanzo wa filamu, akatia na tafsiri, "Ndugu wageni waalikwa, hapa panasema, hakuna diski ya kuwashia!" Wakapiga makofi.

Nilichomoa waya nikachomeka. Hakuna. Nikafungua ubavu wa kasha, nikapiga magoti na suti yangu, nikaingiza kichwa chini ya meza, makalio yameuelekea ukoo wa mama yangu wote, watu wananimulikia kwa simu na kila mmoja ana ushauri, huyu anasema ipulize, yule anasema iache ipoe, na babu mmoja anauliza kama imetiwa mafuta. Ile ya zamani ingalau ilikuwa inalalamika, ukisikia inagonga unajua inakuaga. Hii ilikaa kwenye kiganja changu nyepesi, nzima, haina hata mkwaruzo, na ilikuwa imekufa.

Nilipotoa kichwa nikaona shela pembeni yangu. Yasinta alikuwa ameshuka jukwaani, amechuchumaa sakafuni na gauni lake lote.

"Kaka Saidi, imeharibika?"

"Itarudi tu, nipe dakika."

"Una kopi?"

Nikaigeuza ile diski kiganjani. Akanitazama, nikaona amenielewa, lakini hakulia. Akasema, "Basi niambie wewe. Ulikuwepo chumbani. Baba alisemaje?"

MC, kwa nia njema kabisa, akaniletea kipaza sauti mdomoni. Kinanda kikazimwa, na hapa ndugu zangu ndipo penye aibu yenyewe, zile nyingine za magoti na vigelegele ni cha mtoto.

Mjomba alipomaliza kunipa maagizo kwa Kiswahili, radhi zenyewe alizitoa kwa Kiha. Kiha cha ndani, cha wazee wa milimani. Na mimi mtoto wa Ujiji, baba yangu alitulea kwa Kiswahili, Kiha changu ni cha salamu na cha kuomba chakula. Nilisimama pale kitandani nimeshika simu, sielewi, naona haya kumkatiza mgonjwa, na nikajisemea si simu inachukua, Yasinta atakuja kuelewa mwenyewe. Alipomaliza alinitazama akaniuliza kitu, kwa Kiha vilevile, nami nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, Mjomba. Akashusha pumzi, akalala. Sijui mpaka leo nilimkubalia nini.

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Alisema, *mwana wanje*." Yaani mwanangu.

Yasinta akaitikia kwa kichwa haraka haraka. "Ee. Halafu?"

"Alisema *mwana wanje* mara nyingi."

"Halafu?"

Sikuwa na halafu. Nikamsikia mama yangu kule nyuma anasema taratibu, "Yesu na Maria," na huyo ni mtu aliyesilimu kabla sijazaliwa.

Diski ile niliipeleka kwa mafundi wa mjini, nikaituma Dar kwa treni, nikaituma tena kwa mtu mwingine, wote jibu moja, kilichokuwemo hakitoki. Bakari alinirudishia ile kuukuu, hakunilaumu, hakusema nilikwambia, lakini magemu yalikuwa yameshakalia kila pembe. Inafanya kazi mpaka leo, inakwaruza.

Siku hizi kitu cha mtu nakiweka mahali pawili patatu, na sijali kinafunguka kwa kasi gani. Mama ananifundisha Kiha jioni tukichambua mchele, ananicheka matamshi, na nimeapa kwamba mzee akiniambia neno nisilolielewa, nitamwomba arudie, hata kama yuko kitandani, hata kama nitaonekana mjinga. Heri mjinga.

Yasinta aliolewa, yuko kwake Kidahwe, na hajawahi kunitolea neno baya, ningependa angenitolea. Hupiga simu mara kwa mara. Tunasalimiana, ananiuliza hali ya mama, halafu hakati simu, na mimi najua anangoja kusikia kama nimekumbuka neno jingine.