Jiko la Meli Kule Fizi

Norbert alirudi kwao Fizi kiangazi cha mwaka 1956, na sanduku la nguo, blanketi na jiko la chuma. Wanaume wanne walilishusha jiko kutoka kwenye lori, wakalitua uani huku wakihema. Lilikuwa limepikia mabaharia miaka mingi, lina mlango mdogo mbele na tundu la kutolea moshi mgongoni. Karakana ya bandari ya Albertville ilikuwa imelitupa; Norbert akaliomba, akapewa.

Mdogo wake, Dorothée, alilizunguka akilitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa.

"Yaya," alimwambia kaka yake, "huku tuko na mafiga. Ile chuma ni ya nini?"

Norbert alilipangusa jiko vumbi. Tangu ujana wake alikuwa mchochea moto katika meli za ziwani. Mkewe, Immaculée, alizikwa kulekule Albertville, na hawakujaliwa mtoto. Katika maisha yale yote, jiko ndilo kitu pekee kilichokubali kubebwa.

Alipewa nyumba ya marehemu mama yao, ya udongo na nyasi. Jioni alikwenda lubunga, kwenye banda la wanaume, ambako watu walikula pamoja na kuzungumza wakiota moto. Walimpisha, wakamkaribisha ugali. Lakini hadithi zao zilikuwa za watu asiowajua, na Kibembe chake kilikuwa kimeota kutu. Wenzake wakicheka, naye alicheka, ila kwa kuchelewa kidogo, na akajisikia aibu. Baada ya siku chache akaanza kusingizia mgongo.

Akaona afadhali alisimike jiko lake ndani ya nyumba.

Aliteremka mjini Baraka kwa Idi, fundi wa mabati, karibu na msikiti, akamweleza anataka bomba la kuchukua moshi mpaka nje ya paa.

"Ndugu yangu," Idi alisema akicheka, "uko najenga meli juu ya mulima?"

"Meli ilibaki. Mi nimeleta jiko tu."

Idi alikata mapipa ya mafuta, akayakunja, akayaunga kwa misumari ya rivati. Norbert alipanda nayo hadi Fizi ndani ya lori, juu ya mzigo wa samaki wakavu, akiyakumbatia yasibonyee.

Kazi ya paa aliifanya peke yake. Aliogopa nyasi kushika moto, kwa hiyo alitoboa tundu pana kuliko bomba, akaziba nafasi kwa bati, na juu ya bati akakandika udongo uliochanganywa na majivu. Chini alijenga kitako cha mawe, akasukuma jiko juu yake kwa nguzo, inchi kwa inchi, akijipigia kelele za kuhimiza kama walivyofanya bandarini: "Haya! Pamoja! Haya!" Jirani aliyepita njiani alisimama kutazama hao waliohimizwa walikuwa wapi.

Siku ya kwanza moshi ulimrudia. Upepo wa mlimani uliurudisha ndani ya bomba, ukatokea mlangoni mwa jiko, na Norbert akatoka nje akikohoa, macho yakimtiririka. Bomba lilikuwa fupi kuliko kilele cha paa. Ilibidi ateremke tena Baraka kwa Idi kutafuta kipande kingine.

Kipande kile kilipounganishwa, moto ulivuma. Norbert aliujua mvumo ule. Aliweka kiganja ubavuni mwa chuma, akasikiliza. Moshi ulipanda nje ukiwa mwembamba, na ndani ya nyumba hewa ilikuwa safi. Akina mama walikuja kuona, wakasifu, wakagusa bomba na kuungua vidole, wakacheka. Kisha wakaenda zao. Hapakuwa na moto wa kuzunguka, wala cheche za kutazama mtu akiwa hana la kusema. Norbert alibaki na chai yake.

Mvua zilipoanza, hata njia ya kwenda kwa Dorothée ilikuwa matope. Siku moja adhuhuri mwanamke mzee alisimama mlangoni, amelowa mpaka mifupani, mkononi kipande cha chungu. Alikuwa Émilienne, mjane wa nyumba ya tatu. Moto wake ulikuwa umezimwa na paa linalovuja.

"Batu banasema kwako moto haikufake, hata mvua inyeshe. Nipatie makaa, mutoto wangu."

Hakuna aliyemwita mtoto tangu mama yake afariki. Norbert alimvutia kigoda karibu na jiko. Bibi akakaa, nguo zikaanza kutoa mvuke, akawa anakitazama kile chuma cheusi.

"Joto iko," alisema. "Lakini uso ya moto iko wapi?"

Norbert aliufungua mlango mdogo. Mwanga ukawaangukia miguuni. Moshi kidogo ulitoka ukawawasha macho, na hakuna aliyemwambia mwenzake aufunge. Bibi alisimulia jinsi mama yake Norbert alivyokuwa akiuliza habari za mwanawe kwa kila mtu aliyepanda kutoka ziwani, na jinsi alivyowakasirikia wote waliokuja bila habari. Norbert aliinamisha kichwa, akachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa.

Bibi alikuja mara nyingine kadhaa msimu ule wa mvua. Norbert alijifunza kubandika maji ya chai mapema, akiacha mlango wa jiko wazi, kuni zikiteketea bure.

Kiangazi kiliporudi, mwana wa Émilienne alimwita mama yake akaishi naye kule Mboko. Norbert alimbebea mzigo mpaka barabarani, akamsaidia kupanda lori la mihogo.

"Utakuja kunisalimia?" bibi aliuliza kutoka juu.

"Nitakuja."

Lori liliondoka. Njiani kurudi, watu walimsalimu naye akaitika. Nyumbani alikuta jiko limepoa. Alichakura majivu kwa fimbo ya chuma, akapata kaa moja jekundu chini kabisa, akaliwekea nyasi kavu, akapiga magoti kulipuliza.