Siku Niliyovishwa Mkufu wa Meya

Ilianza Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana, kipindi cha historia. Nilikuwa kidato cha pili hapa Kitengela, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Mwalimu alisema meya wa Nairobi anakuja Ijumaa kutufungulia maabara, na mwanafunzi mmoja atamsimulia historia ya kiti chake. Halafu akanitaja mimi.

Darasa likacheka. "Mwalimu, huyo hata kwa rejista anainua mkono tu!" akasema msichana mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja.

Ilikuwa kweli. Hata kwa majirani sikuwa nabisha hodi. Nilikuwa nasimama langoni hadi mbwa abweke, mtu atoke kuniona.

"Lakini anaandika," mwalimu akasema.

Masikio yaliniwaka kwa furaha, na wakati huohuo nilitamani kujificha chini ya dawati.

Baba, aliyekuwa akifanya kazi Kajiado mjini, hakunisaidia sana. "Sisi Kajiado tuko na mwenyekiti wa baraza letu la kaunti kansel, na ng'ombe wanakunywa maji. Meya ni wa nini?" Akanielekeza kwa jirani yetu, mzee Mkamba aliyestaafu. Eti aliwahi kufanya kazi ofisi ya meya.

Jumatano jioni nilisimama langoni kwake, mbwa akabweka, mzee akatoka.

"Ofisi ya meya? Mimi ndiye nilikuwa nang'arisha ule mkufu wake wa shingoni!" alisema. "Na kupiga joho pasi. Keti."

Niliandika mpaka kidole kikauma. Mwanzoni mameya walikuwa Wazungu, na Mwafrika aliingia mle na ufagio. Ikaja hati ya kifalme kutoka Uingereza, mji ukaitwa jiji. Uhuru ulipokaribia, Mwafrika akavaa joho. Baadaye akavaa mwanamke.

"Mwanamke?" Nilisema kwa nguvu hadi mbwa akainuka.

"Mwanamke kabisa. Kumbe uko na sauti!" Akacheka. "Halafu serikali ikavunja baraza, ikaweka tume. Miaka mingi hakuna meya. Mkufu uko kabatini, na mimi kila Ijumaa naung'arisha. Shingo hakuna."

Nilihesabu kwa vidole. Mimi nilizaliwa katika miaka hiyohiyo.

"Mwishowe madiwani wakarudi, wakachagua meya kati yao kama zamani," akamalizia. "Lakini ile miaka ya katikati usiiruke, mama. Ukiiruka, ni kama sikufanya kazi."

Nikamwahidi. Alhamisi naibu wa mwalimu mkuu akasoma karatasi yangu, akapiga mstari mwekundu juu ya sehemu hiyohiyo. "Mgeni haambiwi kiti chake kiliwahi kukaa bure. Ruka hapo." Usiku sikulala vizuri. Sikujua nitamkosea nani.

Ijumaa nikaitwa mbele. Meya alikuwa ameketi na joho lake jekundu, mkufu ukimetameta kifuani, na sentensi yangu ya kwanza sikuikumbuka. Nikafanya kitu pekee nilichojua kufanya bila kufikiri. Kwetu Wamaasai mtoto hampi mkubwa mkono. Unainamisha kichwa, anakugusa utosini kwa kiganja, basi mmesalimiana. Nikamwendea, nikainama, nikangoja.

Yeye hakuwa Mmaasai. Aliangalia kichwa changu pale mbele ya kifua chake.

"Ahaa! Unataka kuuvaa?"

Kabla sijainuka, mkufu ulikuwa shingoni mwangu.

Shule nzima ikalipuka. "Meya! Meya!" Rafiki yangu wa dawati akapaza sauti, "Mheshimiwa, tuletee maji!" Hata mwalimu wa historia alikuwa anafuta machozi.

Siku nyingine yoyote ningekimbia. Lakini mtu anatoroka vipi na mkufu wa jiji zima? Ilibidi nibaki. Na kwa kuwa nilibaki, nikaanza kusema.

Sauti ilitoka! Wazungu na ufagio, hati ya kifalme, uhuru, mwanamke (hapo wasichana walipiga makofi hadi ikabidi ningoje). Kisha nikafika kwenye mstari mwekundu. Mkufu ulikuwa mzito, bado una joto la shingo ya meya. Nikashika pete yake moja. Ilikuwa inang'aa hata upande wa ndani, upande usioonekana na mtu.

"Mimi nilizaliwa wakati jiji halikuwa na meya," nikasema. "Mkufu huu ulikuwa kabatini. Lakini kuna mtu aliung'arisha kila Ijumaa, na sasa ni jirani yetu."

Naibu akainamia viatu vyake. Meya akauliza polepole, "Bado yuko hai?"

"Yuko. Hapo nyuma ya soko."

"Mwambie kazi yake ninaiona."

Akauchukua mkufu. Mwalimu wangu akamnong'oneza kitu, na meya akashika kinywa. "Kumbe ulikuwa unanisalimia! Hebu rudia." Nikainama tena, mbele ya watu wote, na safari hii akaniwekea kiganja utosini.

Kesho yake asubuhi, hata chai sijanywa, nilienda kwa mzee. Mbwa alikuwa amelala langoni, hajaniona. Sikumngoja.

"Hodi!" nikaita. Mbwa akaruka, na majirani watatu wakafungua madirisha. "Hodi hapa! Mzee, niko na salamu zako!"