Maharage Mawili kwenye Duara Moja

Ofisini kwa watu wa reli walimwita Mama Maharage. Alichora njia za treni kwenye karatasi kubwa: duara ni kipande cha reli, haragwe ni treni. Mawili yakikutana duara moja, balaa. Wenzake wacheke wapendavyo, kazi ilikwenda.

Zamani haragwe lilikuwa haragwe tu. Mwaka huu akayapa tabia: kuna treni mama yenye kanuni zake, na treni nyingine zote ni wanawe, zinarithi kanuni hizo. Wakubwa wakazipitisha kanuni hizo haraka haraka, zianze leo.

Asubuhi hii ndipo alipoliona kosa. Treni ya mafundi nayo imerithi kila kitu, hata ile kanuni ya kutosimama mpaka iamriwe kwa redio. Na treni ya mafundi haina redio.

Akayasukuma maharage mawili, la treni ya mafundi na la treni inayotoka upande wa pili. Yakakutana kwenye duara la handaki. Dereva wa treni ya mafundi ni mumewe. Akampigia simu.

“Mbona unahema hivyo, mke wangu?” mumewe akacheka. “Ndiyo kwanza naingia handakini. Njia nyeupe kabisa, naona taa tu kule mbele.”

“Taa ya nini?”