Ndege Iliyoponea Chupuchupu Kuwa Masufuria

Siku ya kwanza kazini, katika karakana ya ndege Tanga, nilifika na ovaroli iliyopigwa pasi, natokea kwetu Mwera, nimemaliza chuo cha ufundi wa ndege, najiona mtu. Mkuu wa Karakana, mzee wa Kishambaa asiyecheka ovyo, aliitikia shikamoo yangu akanikabidhi ndoo na sponji.

"Osha mabawa," akasema.

Roho iliniuma, nikadhani ananidharau kwa kuwa mimi mwanamke. Kumbe kila fundi wa pale alianzia hapo. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula bati la ndege kimyakimya. Dawa yake ni maji ya bomba, tena mengi.

Baadaye nilipewa ndege ndogo iliyokuwa ya mashamba ya mkonge. Ilikwisha kustaafishwa, imelazwa pembeni mwa karakana. Wanangu, ndege ikilazwa haiachwi hivihivi. Matundu yake niliyaziba kwa vitambaa vyekundu, maana nyigu wa Tanga hawana haya, hujenga popote. Ndani ya silinda nilitia mafuta ya kuzuia kutu, na kila Jumamosi nikaizungusha propela kwa mkono ili mafuta yaenee, nikihakikisha haisimami pale iliposimama wiki iliyopita. Vijana wakanitania, "Bi Mwanahawa anamgeuza mgonjwa wake." Niliwaacha waseme.

Siku moja Meneja akaja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Yule bwana akagonga bawa kwa kucha, akatabasamu. "Hapa pana masufuria safi."

Nilikasirika. Nilitaka ndege ile isimame mahali watoto waione. Mkuu akanitazama, kisha akamgeukia Meneja.

"Bosi, ndege yetu ya kubeba wagonjwa imelala kwa kukosa injini ya aina hiihii. Tuikague hii. Ikifaa, chukua injini, bati utuachie tulipeleke shule ya ufundi Pongwe."

"Na isipofaa?"

"Mwachie huyu bwana akate."

Mkuu hakuniuliza, na hilo lilinichoma. Kuiokoa ndege yangu ilibidi niitoe moyo. Mkaguzi alipokuja akafungua silinda, akamulika tochi, akachungulia mpaka nikachoka kusimama.

"Nani alikuwa anaizungusha?"

"Mimi."

"Haina kutu. Inafaa."

Nilifurahi, nikalia papo hapo, wala sikuona aibu.

Tulipoing'oa injini tukasahau kuwa pua itakuwa nyepesi. Mkia ukashuka, ndege ikakaa kitako kama mbuzi aliyegoma, na Mkuu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka mpaka akashika mbavu. Tukaijaza mifuko ya mchanga puani ndipo ikasimama, tukaivuta hadi Pongwe.

Sasa nimestaafu, nina kuku wangu na magoti yanayolalamika. Alhamdulillahi, sina kinyongo na kazi ile. Huwa napita Pongwe kuisuuza ndege chumvi, maana mazoea hayana likizo. Juzi mwanafunzi mmoja, binti mwenye spana mfukoni, alifungua kifuniko cha pua akakuta mchanga mtupu. Akanitazama kwa huruma.

"Shikamoo bibi. Injini yake ilikufa?"

"Marahaba, mwanangu. Haijafa, iko kazini. Tuliostaafu ni mimi na hili bati."